Mambo ya Nchi za Mbali na Shauri Letu



Mtu akaaye Kinampanda, alimaye mtama na kuchunga ng'ombe, atawezaje kuwa na shauri juu ya mambo ya serikali yetu na serikali za kigeni? Sisi twajibu: Analo tayari. Ila yafaa ajue amelipata wapi.

Tukumbuke vita vya Kagera. Mwisho wa Oktoba 1978 askari wa Idi Amin waliingia nchini mwetu, naye akatangaza ya kuwa nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera ni mali yake. Tarehe 2 Novemba Rais Nyerere alinena na watu, akawaambia kwamba adui atapigwa. Wengi wetu huku Iramba hatukuwa tumeuona mto ule. Tulikuwa na masikio tu. Lakini habari ya nyumba kuchomwa na ng'ombe kuswagwa, mfugaji haihitaji afasiriwe. Moyo uliamua mara moja.

Kisha majeshi yetu yalivuka mpaka, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatwaliwa. Hapo swali lilikuwa jingine. Kumfukuza mwizi nyumbani mwako ni neno moja. Kumfuata hata kwake na kumtoa humo ni neno la pili, maana tangu 1963 nchi za Afrika zilikuwa zimeahidiana kutoingilia mambo ya ndani ya wenzao. Huenda jibu la maneno yote mawili ni ndiyo, lakini wengi tulijibu mara moja tu.

Baadaye sabuni na sukari ziliadimika madukani. Wako waliogeuza shauri, wakavilaumu vita peke yake, hali bei ya mafuta nayo ilikuwa imepanda duniani mwaka ule ule wa 1979.

Basi shauri hutujia kwa sikio, kwa moyo, na kwa mfuko. Kila kimoja kina kweli yake, wala hakuna kitoshacho peke yake. Leo simu ya mkononi huleta habari za vita vya mbali kabla ya jua kuchwa, nasi twachagua upande kabla ya chakula cha jioni.

Kwa hiyo, baba na mama, mkisikia habari za namna hii, ulizaneni pamoja na watoto: Asemaye aliona, au naye aliambiwa? Twaulizwa neno moja, au mawili? Nani atakayelipa, na mwana wa nani atakayekwenda? Asiyeuliza haya ameazima shauri la mwingine, naye atalilipia kama lake.

Kwa herini, hata mwezi ujao.