Mjusi wa buluu wa Kimboza: Burudani ya Ulaya, hasara ya Morogoro

Na Mwandishi Wetu

KATIKA nyumba nyingi za mijini, mjusi kafiri hutembea ukutani bila mtu kumjali, na anayemjali mara nyingi huwa ameshika ufagio. Ng'ambo ya bahari, hata hivyo, ndugu wa mjusi huyo ni mali. Huwekwa ndani ya sanduku la kioo lenye taa na kipimajoto, na hutunzwa kama wengine watunzavyo paka.

Ufugaji wa nyoka na mijusi kwa ajili ya burudani umeenea Ulaya na Marekani kwa miongo kadhaa. Maonyesho yanayofanyika mjini Hamm, Ujerumani, huhesabiwa miongoni mwa makubwa zaidi duniani kwa biashara hiyo. Kupenda viumbe si kosa, na wafugaji wengi wana ujuzi wa kweli. Mjusi mwenye madoa kama ya chui, ambaye asili yake ni Pakistan na nchi jirani, leo huzalishwa kwa wingi majumbani mwao bila kulazimika kugusa wale wa porini.

Swali linaloitenganisha burudani na uharibifu ni moja: mnyama anayeuzwa alizaliwa sandukuni, au alitolewa msituni?

Tanzania inalijua jibu kwa uchungu. Chini ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, upo msitu wa hifadhi wa Kimboza wenye ukubwa wa takriban hekta 400. Humo, katika msitu wa Ruvu na vipande vichache vya jirani, ndimo anamoishi mjusi mdogo ambaye dume lake lina rangi ya buluu inayong'aa. Wanasayansi humwita Lygodactylus williamsi. Mahali pengine popote duniani hapatikani kiasili.

Mjusi huyo huishi juu ya mti wa jamii ya mkadi, katikati ya majani marefu yenye miiba. Kwa kuwa si rahisi kumfikia kileleni, wakamataji walichagua njia ya mkato: waliukata mti. Hivyo kila safari ya kutafuta mijusi iliondoa wanyama na nyumba yao kwa pamoja. Hata aliyeponyoka siku hiyo alibaki bila makazi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kuwa kundi moja tu la wakamataji lilichukua kati ya mijusi 32,310 na 42,610 kuanzia Desemba 2004 hadi Julai 2009. Idadi ya mijusi wakubwa waliosalia porini ilikadiriwa kuwa 150,000. Mwaka huohuo wa 2012, mjusi huyo aliorodheshwa kimataifa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Sheria nazo zilifuata. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Mwaka huohuo, mkutano wa mkataba wa kimataifa wa CITES uliofanyika Johannesburg ulikubali pendekezo la Tanzania na Umoja wa Ulaya la kumweka mjusi wa Kimboza katika Kiambatisho cha Kwanza, ambacho huzuia biashara ya wanyama waliotolewa porini.

Hata hivyo, marufuku peke yake haitoshi. Mjusi huyo huzaliana vizuri akifugwa, jambo ambalo ni faraja na pia ni mwanya. Mfanyabiashara asiye mwaminifu anaweza kumpitisha aliyetoka msituni kwa karatasi za aliyezaliwa sandukuni, na kwa macho ni vigumu kuwatofautisha. Kwa hiyo mzigo wa uthibitisho hauna budi kumwangukia muuzaji, na mnunuzi aliyeko Ulaya asiridhike na neno la mdomo.

Upande wetu, tatizo ni la msitu wenyewe. Kimboza imezungukwa na vijiji vinavyohitaji kuni, mbao na mashamba, na mti wa kigeni uitwao Cedrela odorata umevamia nafasi ya miti ya asili. Mikadi ikiisha, mjusi ataisha hata kama hakuna mtu atakayemkamata tena.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Faida kubwa ya biashara ya zamani ilibaki kwa wauzaji wa ng'ambo, huku mwanakijiji akiambulia ujira mdogo na msitu uliopungua. Kumtaka leo awe mlinzi bila kipato ni kumbebesha gharama ya kiumbe ambacho dunia nzima inadai kukithamini. Ajira za ulinzi, upandaji wa mikadi na utalii wa vijijini vingempa sababu ya kuuacha mti usimame.

Mijusi ya buluu itaendelea kuonekana katika masanduku ya kioo Ulaya kwa miaka mingi ijayo. Linalobaki kuamuliwa ni kama mtoto wa Morogoro naye atamwona, akiwa juu ya mkadi wake.