MALI YA MAREHEMU HAIGAWIWI KWA SAUTI KUBWA



Leo sizungumzi habari ya mbolea wala ya mabani. Nazungumza habari ya kifo, na yale yanayofuata baada ya kifo. Watu wengi wanaokuja ofisi ya tawi wamekunja uso wana habari moja: mzee amefariki, ndugu wamegombana, mjane yuko nje na vyombo vyake. Wananiambia, "Katibu, tuamulie." Jamani, Chama si mahakama. Katibu naweza kuwapatanisha mkasalimiana, lakini sina uwezo wa kumpa mtu shamba la marehemu. Wala mwenyekiti wa kijiji hana, wala baba mkubwa hana, hata akiwa na sauti kama ngoma.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana anayefagia kwa jirani aanze kwake.

Kaka yangu alifariki wakati wa msimu wa tumbaku. Aliacha mke na watoto wanne, nyumba, shamba, mizinga ya nyuki porini, baiskeli, na malipo ya tumbaku ambayo yalikuwa hayajatoka. Siku ya kumaliza matanga tulikaa wanaume wa ukoo. Mwenye sauti kubwa ndiye aliyegawa. Jioni ikapitishwa karatasi. Wakati ule mimi nilikuwa sijui kusoma. Nikaambiwa, "Weka dole gumba hapa, ni mahudhurio tu." Nikaweka.

Miaka ikapita. Nikaingia darasa la watu wazima, nikasoma pamoja na wazee wenzangu mpaka nikafahamu. Siku moja shemeji akaniletea karatasi ile ile. Nikaisoma kwa kufuata kidole, neno moja moja. Kumbe haikuwa mahudhurio! Ilisema sisi sote tumekubali shamba na mizinga viwe vya baba mdogo, na mjane arudi kwao. Na dole gumba langu lipo pale, la tatu kutoka juu. Shemeji hakunitukana. Aliniambia neno moja tu: "Shemeji, sasa unajua kusoma."

Tukaenda mahakamani. Shamba lilirudi kwa watoto. Lakini mizinga ilikuwa imekwisha uzwa, na pesa ya tumbaku ilikuwa imekwisha liwa. Haki iliyochelewa hairudishi asali.

Sasa, ndugu zangu, sisi tunakaa katika njia ya wapagazi, njia ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo. Hebu tuwakumbuke watu wa njia hii. Mwaka 1873 Livingstone alifariki kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Chuma na Susi waliwaita wenzao wote, wakafungua masanduku ya marehemu mbele ya kila mtu, na Jacob Wainwright, ambaye alijua kusoma, akaandika orodha katika daftari. Ndipo wakaubeba mwili, wakapita hapa Unyanyembe mwaka ule ule, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Watu wale walikuwa porini, bila hakimu wala karani, lakini walihesabu mali ya marehemu hadharani na kuiandika. Sisi tuna mahakama, tuna shule, tuna kalamu. Inakuwaje tunashindwa kuhesabu mizinga kumi?

Basi tusikilizane juu ya mambo matatu.

Kwanza, wosia. Wengi wanasema kuandika wosia ni kujiitia kifo. Si kweli. Asiyeandika naye anakufa, ila yeye anaacha vita nyumbani. Kwa kanuni za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Asiyejua kusoma anahitaji mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Hata wosia wa mdomo unakubaliwa, lakini nao unataka mashahidi wanne. Mke naye awepo asikie, siyo afichwe jikoni. Ndugu Waislamu wanafahamu kwamba wosia wao hauzidi theluthi moja ya mali, na mrithi mwenye fungu lake haongezewi kwa wosia mpaka warithi wenzake wakubali. Wosia ukiandikwa usiuchimbie chini ya kitanda peke yako. Unaweza kuuhifadhi kwa RITA, wakala wa Serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, au kwa wakili.

Pili, utaratibu baada ya msiba. Chukueni cheti cha kifo. Kaeni kikao cha ukoo, wanawake wakiwemo, mpendekeze msimamizi wa mirathi, na muhtasari usomwe kwa sauti kabla ya mtu kuweka sahihi au dole gumba. Halafu nendeni Mahakama ya Mwanzo. Kama shauri lenu linatakiwa kwenda mahakama nyingine, karani atawaeleza. Mahakama hutoa tangazo, na mwenye pingamizi hulisema pale. Msimamizi akiteuliwa, anakusanya mali, analipa madeni (hata mkopo wa pembejeo wa marehemu hapa chamani), kisha anawagawia warithi. Katika Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kupeleka orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne, na baadaye hesabu ya mgawanyo. Shikeni neno hili: msimamizi si mwenye mali. Ni mchungaji tu, ng'ombe si wake. Akila, mrithi aende mahakamani amshitaki. Na asiyeridhika na hukumu ya Mahakama ya Mwanzo akate rufani Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, siyo akae kibarazani kulalamika mwaka mzima.

Tatu, msaada. Msiuze mbuzi kumlipa kishoka anayejiita wakili huko mjini. Iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kwa sheria hiyo mtu asiye na uwezo anaweza kupata msaada bila malipo. Wako wasaidizi wa kisheria waliosomea kazi hiyo. Hawasimami mahakamani kama wakili, lakini watakuonyesha njia, watakusaidia kujaza fomu na watakuelekeza kwa mawakili wanaojitolea. Mwulizeni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Na tangu mwaka 2021 lugha ya mahakama zetu zote ni Kiswahili, kwa hiyo hakuna tena kisingizio cha kuogopa Kiingereza.

Najua wako wazee watakaonung'unika: "Katibu anataka shamba la ukoo liende kwa wanawake." Wazee wangu, nawaheshimu, ila nisikilizeni. Mama mmoja wa Kagera aliachiwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza, ndugu wakamshitaki eti mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mila hiyo inavunja Katiba, na mama akashinda. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inakataza mila inayomnyima mwanamke ardhi. Na Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mjane ni huru kukaa atakapo, kuolewa na amtakaye au kutoolewa kabisa. Mjane si baiskeli ya kurithiwa.

Lakini nisiwadanganye. Kanuni zile za mila za 1963 hazikumpa mjane fungu. Wajane wawili wa Shinyanga walizipinga. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba ni za ubaguzi, lakini haikuzifuta. Walikwenda mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa, nayo mwaka 2015 ikasema wamevunjiwa haki zao. Kwa hiyo wewe mume unayempenda mkeo, usingoje mahakama imhurumie. Mwandikie wosia ungali hai.

Napendekeza mkutano mkuu ujao wa Ushirika tumwalike msaidizi wa kisheria aje kufundisha, na kila mwanachama ahakikishe jina la mteule wake limo katika daftari la chama. Asiyejua kuandika aje darasani jioni. Nitamshikia kalamu mpaka aweze kuishika mwenyewe, ili siku moja asije akasoma dole gumba lake mahali ambapo hakutaka liwepo.

Elimu haina mwisho.

Ndimi,
Katibu wa Tawi