Filamu Mbili za Akkad

Mwezi huu nimeangalia nyumbani filamu mbili za marehemu Moustapha Akkad, Msyria aliyefanya kazi Marekani: The Message ya 1976 na Lion of the Desert ya 1981.

Ya kwanza ilipigwa mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, kila lugha na waigizaji wake. Mwenye kuipata ya Kiarabu na aangalie hiyo. Anthony Quinn ni hodari kama Sayyidna Hamza, lakini Abdullah Gaith akitamka Kiarabu chake, sikio linatulia. Mtume (S.A.W.) haonekani wala sauti yake haisikiki; wanaosema naye huielekea kamera. Wako wanaoshikilia kuwa hata hivyo haifai. Siwabezi, ila vijana wetu sinema wataangalia, tupende tusipende. Nauliza tu, bora waangalie ipi?

Iliyonikaa moyoni ni ya pili. Omar Mukhtar, aliyeigizwa na Quinn huyo huyo, alikuwa maalimu wa chuo, akapigana na Wataliani huko Libya kama miaka 20 mpaka wakamnyonga Septemba 1931, naye ni mzee wa miaka kama 70. Vifaru vimezidi, na filamu inakaribia saa tatu. Lakini pale avaapo miwani akisomesha watoto Kurani, hapo ndipo penye utamu wake.

Italia iliizuia mwaka 1982, ati inalivunjia heshima jeshi lake. Televisheni ya huko ikaja kuionyesha 2009. Fedha zilitoka kwa Gaddafi, hilo lisifichwe. Lakini kambi za seng'enge walimofungiwa Mabedui hakuzibuni yeye. Zilikuwapo.