Tuwatoe watoto wakaione milima, na mama zao wasibaki na masufuria



Juma lililopita katika safu hii tulizungumzia watoto na simu, na tukaahidi kurejea kwenye swali tulilopelekewa na wazazi kadhaa: tukimnyang'anya mtoto simu siku ya mapumziko, tumpe nini badala yake? Jibu letu ni fupi. Tumpe njia ya kutembea, mto wa kuutazama, na wazazi wa kufuatana nao. Sisi tunaoishi Nyanda za Juu Kusini hatuna haja ya kutafuta mbali wala kuchanga fedha nyingi. Miongoni mwetu hapa Mbeya wapo watu wazima walioamka kila Alfajiri kwa miaka chini ya Mlima Loleza, na hawajawahi kuupanda hata robo yake. Na ndugu zetu wa Iringa wanao watoto wanaohifadhi juzuu ya pili na ya tatu katika madrasa zilizo mwendo mfupi kutoka jiwe la Gangilonga, ambao jiwe hilo wamelisikia tu.

Tulipolileta jambo hili mbele ya kamati ya msikiti kwa mara ya kwanza, mzee wetu mmoja, tunayemheshimu sana, alisema matembezi ni upuuzi wa watu wenye nafasi, na kwamba fedha za madrasa si za kwenda kutazama nyani. Hatukumkatalia kwa ukali, kwa kuwa hofu yake ina msingi. Tumeziona safari zinazoitwa za kidini zikageuka muziki, kuchanganyika ovyo na sala kupotea. Lakini ubaya wa namna moja ya safari haufanyi safari yenyewe kuwa mbaya. Katika Suratul Ghashiya Allah Subhaanahu Wataala anawahimiza wanaadamu kutazama namna mbingu ilivyoinuliwa, milima ilivyosimamishwa na ardhi ilivyotandazwa. Mtoto aliyelelewa baina ya kuta nne na dari la bati atatazama nini?

Tena ipo riwaya katika Sunan Abi Daud ambayo haisomwi sana mimbarini. Bibi Aisha (RA) aliulizwa kuhusu kutoka kwenda nyikani. Akaeleza kwamba Mtume (SAW) alikuwa akitoka kwenda kwenye mikondo ya maji iteremkayo mabondeni, na kwamba safari moja alimpelekea yeye ngamia ambaye hajazoeshwa kupandwa, akamuusia awe mpole kwake. Mzee wetu alipoisikia alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi andikeni bajeti." Nasi tukaandika.

Hapa ndipo tunapolazimika kukiri kosa letu, maana riwaya tuliyoisoma inamtaja mke aliyepelekewa mnyama wa kupanda, na sisi tulifanya kinyume chake.

Safari ya kwanza ilikuwa Ziwa Ngozi, likizo ya Juni. Wasiolijua ziwa hili wafahamu kwamba limo ndani ya shimo la volkano ya kale katika milima ya Uporoto, na linahesabiwa miongoni mwa maziwa makubwa ya aina hiyo barani Afrika. Kutoka Mbeya unashika barabara ya Tukuyu hadi Isongole, kisha unaingia njia ya udongo kwa kilomita kadhaa mpaka mguuni pa mlima. Kuanzia hapo ni miguu. Njia inapita katikati ya msitu mzito wenye mianzi na migomba mwitu, inapanda kwa ukali, na penye tope unashika mizizi. Mtu mzima hutumia saa moja na kitu. Mwenye mtoto wa miaka sita ahesabu saa mbili. Kisha msitu unakoma ghafla, na chini yako, mbali sana, kuna maji ya kijani yaliyotulia, yamezungukwa na ukuta wa mlima pande zote. Watoto waliokuwa wakipiga kelele njia nzima walinyamaza wenyewe. Mmoja akasema "Subhanallah" bila kuambiwa na ustadhi.

Mama zao hawakuyaona hayo. Tulikuwa tumepanga, sisi wanaume wa kamati, kwamba akina mama wabaki chini kwenye Kosta na masufuria ya pilau, ili tukishuka tukute chakula tayari. Hatukumuuliza hata mmoja wao. Tuliposhuka, tukala, tukasifu upishi. Jioni tulipofika nyumbani, mama wa watoto wetu alitandika mkeka, akakaa, akasema kwa upole kabisa: "Ustadhi, leo mmetuhamisha jiko. Jiko letu lilikuwa Mbeya, mkalipeleka Isongole, mkalirudisha." Hatukuwa na la kumjibu. Wiki ile tuliwauliza wengine, kupitia wake zetu, na jibu likawa lile lile kwa maneno tofauti. Bibi mmoja mwenye wajukuu tisa alisema alipanda milima ya Rungwe akiwa binti, akibeba kuni, na alitamani aone kama miguu ingali inaijua njia.

Tumelieleza hili kwa urefu kwa sababu tunaamini halikuwa kosa letu peke yetu. Ni mazoea ya misikiti mingi. Tunasema "safari ya familia", na tunamaanisha safari ya baba na watoto wa kiume. Mabinti wakifika miaka kumi na miwili wanahamia upande wa masufuria. Na hoja ya sitara haisimami hapa, kwa kuwa njia ya msituni ina sitara kuliko stendi ya daladala wanayosimama kila asubuhi. Kinachotakiwa ni mpango: mahram waongozane na watu wao, makundi yapishane, mavazi yawe mapana na viatu viwe vya kufunga. Mtume (SAW) alishindana mbio na Bibi Aisha wakiwa safarini. Mara ya kwanza bibi alishinda, na baada ya muda Mtume akashinda. Tunaisimulia riwaya hii kwenye mawaidha ya ndoa na watu wanacheka. Ni wangapi wetu tumetembea hata nusu kilomita na wake zetu pasipo kwenda hospitali wala msibani?

Safari ya pili ilikuwa Iringa, nayo tuliipanga pamoja na akina mama. Chakula kilikuwa chapati na mayai vilivyopikwa usiku. Hakuna sufuria iliyopanda gari.

Mbeya hadi Iringa ni kiasi cha kilomita 330, na tuliondoka baada ya Alfajiri. Kabla ya kuingia mjini tulisimama Isimila, penye korongo lenye nguzo refu za udongo zilizochongwa na maji, na zana za mawe za watu wa kale. Kesho yake, baada ya kulala kwa wenyeji wetu Waislamu, tukapanda Gangilonga. Kwa watoto wadogo hakuna mahali pepesi zaidi: unatembea kutoka mjini, unapanda mwamba, na mji mzima uko chini yako. Masimulizi ya Wahehe yanasema jiwe hilo huzungumza, na kwamba Mtwa Mkwawa alikuwa akienda hapo kutafakari. Tuliwaeleza watoto kwamba mawe hayamjulishi mtu ghaibu, na papo hapo tukawaeleza Mkwawa alikuwa nani, jinsi jeshi lake lilivyowashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891, na jinsi fuvu lake lilivyorejeshwa Kalenga mwaka 1954. Itikadi ya mtoto haiharibiki kwa kujua historia ya nchi yake.

Alasiri tuliteremka Ipogolo, kwenye Ruaha Mdogo. Na hapa tunaomba msomaji atuvumilie kidogo, kwa sababu maji haya yana jambo la kufundisha ambalo sisi wenyewe tulilijua kwa kuchelewa. Tone la mvua likianguka katika milima ya Uporoto lina hiari, tuseme hivyo, ya njia mbili. Likiangukia upande wa kusini linaingia Kiwira, linapita chini ya Daraja la Mungu, ule upinde wa mwamba wa volkano karibu na Tukuyu, linafika Ziwa Nyasa na kuishia Zambezi. Likiangukia kaskazini linateremka bonde la Usangu, linakuwa Ruaha Mkuu, nao huko mbele hupokea huu Ruaha Mdogo wa Iringa, kisha maji yote yanaingia Mtera na Kidatu kuzalisha umeme unaowasha taa za misikiti yetu, halafu Rufiji, halafu Bahari ya Hindi. Watu wa Mbeya na watu wa Iringa, kwa hiyo, ni majirani wa maji kabla ya kuwa majirani wa barabara. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka nyakati za kiangazi ndani ya hifadhi, na wataalamu wanataja zaidi maji yanayochepushwa kwa kilimo huko juu.

Pale Ruaha Mdogo tulikuta mboga zimelimwa hadi ukingoni kabisa, ilhali Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kibinadamu zikae mita 60 kutoka mtoni. Hatukwenda kumsimanga mkulima; huenda ana watoto wanaosubiri ada. Ila tulipookota chupa za plastiki tukaona tatu zina maji ya kampuni ile ile tuliyonunua asubuhi. Zilikuwa zetu. Mtume (SAW) ametahadharisha vikali dhidi ya kujisaidia kwenye vyanzo vya maji, njiani na kivulini, mambo yanayomletea mtu laana za watu. Tukiwafundisha watoto hukumu hiyo katika mlango wa tohara, basi uchafu wa chupa ukingoni nao tuutazame kwa jicho hilo hilo.

Tahadhari moja tuliipata kwa hofu. Mtoto wa miaka tisa aliteleza kwenye jiwe lenye ukoka, maji yakamfika kifuani, na mkondo ukamvuta hatua mbili. Aliyemshika ukosi ni mama yake, aliyekuwa amesimama jirani akivua viatu. Sisi wanaume tulikuwa tukijadili kibla. Alhamdulillah, aliloa tu. Tangu siku hiyo tuna kanuni: kila mtoto chini ya miaka kumi ana mtu mzima mmoja anayetajwa kwa jina kabla ya kushuka garini, na hakuna anayegusa maji kabla wenyeji hawajaulizwa kuhusu kina na wanyama. Kwa wanaofikiria kwenda Kijungu, ambapo Kiwira unatumbukia kwenye shimo la mwamba na kupotea chini yake, hapo mkono wa mtoto usiachwe hata kwa kupiga picha.

Kuhusu sala, tulipata maswali ambayo tunayajibu hapa. Kule Ngozi kijana mmoja alitaka tukusanye na kupunguza Adhuhuri na Alasiri. Hapana. Kwa madhehebu ya Shafii tuliyoyazoea, masafa ya kupunguza ni zaidi kidogo ya kilomita 80 kwenda, na Ngozi haikaribii. Iringa tulipunguza. Tayamamu kando ya mto unaotiririka haifai kwa sababu tu ya uvivu wa baridi. Lakini baridi ya Juni na Julai milimani ni kali, na mgonjwa au mzee anayehofia madhara ana hukumu yake. Dawa rahisi ni kubeba chupa mbili za chai, moja ya chai na nyingine ya maji ya uvuguvugu ya udhu wa wazee. Adhana iadhiniwe hata porini. Ardhi yote imefanywa kuwa mahali pa kusujudia, na mtoto aliyesali juu ya nyasi zenye umande hatadhani tena kwamba ibada inahitaji feni na zulia.

Misitu hii mingi ni hifadhi, na ina viingilio na waongozaji. Lipeni. Muulizeni mwongozaji habari za kipunji, nyani aliyetambulishwa kwa wataalamu wa dunia mwaka 2005 ilhali wenyeji wa Rungwe walikuwa na jina lake siku zote, na ambaye makazi yake yanayojulikana ni misitu ya Rungwe na Kitulo pamoja na Ndundulu katika Udzungwa, mkoani Iringa. Tena Mbeya na Iringa.

Safari ya tatu imepangwa kurudi Ngozi, kwa ajili ya wale waliobaki kwenye Kosta. Majina yanaandikwa msikitini baada ya Ijumaa, na upande wa akina mama daftari liko kwa mwalimu wa madrasa. Hadi tunapoandika, waliojiandikisha ni wanawake 19 na wanaume 7. Baba watakaobaki chini wameombwa kupika.

Bibi mwenye wajukuu tisa ni wa kwanza kwenye orodha. Ametuma ujumbe kuuliza kama fimbo yake itaruhusiwa kwenye gari.