Mtunzi wa kwaya, zima kinanda kwanza

Kama unaimba kwaya, unajua mambo yalivyo. Wimbo mpya unaletwa, soprano wanabeba tuni, alto, tenor na besi wanafuata hatua kwa hatua, kinanda kinawashwa biti ile ile ya kila Jumapili, basi. Wimbo wenu na wa kwaya jirani ni kama mapacha. Nawe unayetunga, ukiulizwa kwa nini, unajibu kwamba watu ndivyo wanavyopenda.

Sisi tunasema kuna njia nyingine, na mwalimu wake ni wa kale sana.

Twende Paris, karne ya 12. Ujenzi wa kanisa kuu la Notre-Dame ulianza mwaka 1163. Watunzi wanaohusishwa nalo, Léonin na baadaye Pérotin, walikuwa na tuni za ibada ambazo tayari zilikuwa kongwe. Hawakuzitupa. Walichukua tuni moja wakaivuta: sauti ya chini inashikilia noti moja kwa muda mrefu, huku za juu zikikimbizana na kupokezana. Hata jina tenor linatokana na neno la Kilatini la kushika. Katika Viderunt omnes ya Pérotin, ambayo wataalamu huihusisha na mwaka 1198, sauti ni nne na silabi ya kwanza pekee inaweza kuchukua dakika nzima. Si mchezo!

Sasa ruka karne nane hadi Estonia, ikiwa chini ya Usovieti. Arvo Pärt, aliyezaliwa 1935, aliwaudhi wakubwa mwaka 1968 kwa kazi yake Credo, iliyokiri imani ya Kikristo waziwazi. Mtindo wa kisasa aliokuwa akiutumia nao ulikuwa umemchosha. Kwa miaka kama minane hivi alitunga kidogo mno. Alirudi shuleni, tuseme: akasoma nyimbo za kale za kanisa na polifonia ya enzi hizo, akajifunza upya namna noti moja inavyoifuata nyingine.

Mwaka 1976 akatoka na Für Alina, kipande kifupi cha piano, na mtindo aliouita tintinnabuli, jina linalotokana na kengele ndogo. Kanuni yake hata wewe unaielewa: sauti moja inapanda na kushuka ngazi kwa ngazi, nyingine imefungwa kwenye noti tatu tu zinazopatana. Kwa kanuni hiyo alitunga Passio, iliyokamilika 1982, kazi ya zaidi ya saa moja.

Ona vizuri: Pärt hakumnakili Pérotin. Ukiwasikiliza wote wawili hutawachanganya kamwe. Alichochukua ni nidhamu, yaani kujinyima vingi ili kidogo kilichobaki kisikike.

Najua wapo watakaosema, "Hayo ni ya Wazungu, sisi tuna yetu." Kweli, tunayo, na hapo ndipo mtindo huu unapotufaa. Mtunzi wa Paris alianza na tuni iliyokuwa ikiimbwa kwao. Wewe anza na ya kwenu: ule wimbo nyanya anaoimba akichambua mboga, ambao hakuna aliyewahi kuuandika. Siku akienda, unaenda naye. Na kuubandikia biti ya kinanda si kuuhifadhi, ni kuufunika.

Kwa hivyo jaribu hivi. Mrekodi kwa simu, kwa ruhusa yake. Wape besi tuni hiyo, waishikilie polepole. Juu yake andika sauti mbili tu, kila moja na njia yake, zisipande na kushuka pamoja kila wakati. Zikigongana, sikiliza kwanza kabla ya kufuta. Pengine mgongano huo ndio utamu wenyewe. Jaribio la kwanza likiwa baya, andika la pili.

Nanyi walimu wa kwaya, msiwafukuze vijana hawa kwa sababu wimbo wao haufanani na wa mwaka jana. Wapeni dakika kumi mwisho wa mazoezi, waimbaji wakiwa bado wamesimama. Kinanda kizimwe. Kisha sikilizeni.