UCHANGANUZI: Mzazi, chunguza umri wa kipakatalishi kabla ya bei

KILA msimu wa vyuo kupokea wanafunzi wapya unapowadia, maduka ya tarakilishi katika barabara za Luthuli na Moi, jijini Nairobi, hufurika wazazi. Wengi wao tayari wameelemewa na karo na kodi ya chumba, hivyo swali lao huwa moja tu: ni pesa ngapi?

Swali hilo si baya, ila si la kwanza. La kwanza ni iwapo kipakatalishi hicho kitamfikisha mwanafunzi mwisho wa kozi ya miaka minne.

Vipakatalishi vingi vya bei nafuu nchini ni vile vilivyokwisha kutumika katika afisi za ng'ambo, maarufu kama 'ex-UK'. Si kosa kuvinunua, kwani baadhi yavyo ni imara kuliko vipya vya bei iyo hiyo. Tatizo ni umri wavyo.

Mnamo Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya kuimarisha usalama wa Windows 10. Mrithi wake, Windows 11, aliyezinduliwa mwaka wa 2021, kwa jumla huhitaji prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au cha baadaye. Kizazi hicho kilianza kuuzwa mwaka wa 2017.

Hapo ndipo muuzaji mjanja humpiga mzazi chenga. Atamwonyesha kibandiko cha 'Core i7' na kumwacha aamini kuwa amepata kilicho bora. Ajuaye husoma nambari inayofuata. Prosesa ya i7-4600U ni ya kizazi cha nne, ilhali i5-8250U ni ya kizazi cha nane na ndiyo ya kuchagua. Wapo pia wanaolazimisha Windows 11 katika mashine zisizostahili, na Microsoft haitoi hakikisho kwamba mashine hizo zitaendelea kupokea masasisho.

Baada ya umri, itazamwe kozi. Mwanafunzi wa sheria, ualimu au biashara atatosheka na kumbukumbu ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256. Wa usanifu majengo ahitaji kumbukumbu ya GB 16 au zaidi. Huyo asikimbilie MacBook kwa sababu ya fahari, kwani programu ya Revit, inayotumiwa sana katika taaluma yake, imeundiwa Windows pekee.

Kwa kuwa stima hupotea bila taarifa, mnunuzi aiwashe mashine dukani bila kuichomeka kwa angalau nusu saa kabla ya kulipa. Adai pia risiti na waranti iliyoandikwa, asije akauziwa mbuzi kwenye gunia.

Hata hivyo, mzigo huu haufai kuachiwa mzazi pekee. Vyuo vyaweza kutaja katika barua za usajili aina ya mashine inayohitajika kwa kila kozi. Serikali nayo ilianzisha mpango wa Wezesha mwaka wa 2010 ili kuwapunguzia wanafunzi wa vyuo vikuu bei ya vipakatalishi. Wazo hilo lastahili kufufuliwa.

Hadi hapo, mzazi na ajihadhari. Majuto ni mjukuu.