Hiyo "s" imetoka wapi?

Leo lekchara kanirudishia insha, kanikata maksi 2 kisa nimeandika "iland" badala ya "island". Jamani! Waingereza wenyewe zamani waliandika "iland" hivyo hivyo. Karne ya 16 wakalichanganya na "isle" ya Wafaransa, inayotokana na "insula" ya Kilatini, wakachomeka "s". Kumbe maneno hayo hayana undugu wowote! Na "debt" je? Waliichukua kwa Wafaransa ikiwa "dette", hiyo "b" wasomi wakaibandika baadaye ili ifanane na "debitum". Na wala haitamkwi.

Yaani kosa lao linaitwa tahajia sanifu, langu linakatwa maksi. Sisi tuliozoea kuandika tunavyosikia ndio tunaonekana vilaza? Sikubali. Kesho asubuhi naenda ofisini kwake kudai maksi zangu.